Levo Inayopita Mkono kwa Mkono

Mchezo wa video wa kujenga levo, yaani hatua za kuchezwa, una kazi tatu, na watu wengi huziona mbili tu. Ya kwanza ni kucheza: kukimbia, kuruka, kutumbukia shimoni, kuanza upya. Ya pili ni kujenga: kupanga vigae (vipande vya mraba vinavyounda levo), kutega mitego, kuficha zawadi mahali ambapo mchezaji mwenye haraka hatapaona. Ya tatu ni safari ya levo kutoka kwa aliyeijenga hadi kwa mtu mwingine atakayeihangaikia. Hiyo ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi tangu mimi na wenzangu wawili tuanze kuhamisha mchezo wetu kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye PSP.

Ndiyo, PSP, ile konsoli ya mkononi ya Sony iliyotoka Japani Desemba 2004. Kila nikisema hivyo naulizwa kwa nini tusifanye mchezo wa simu, maana Nairobi nzima ina simu. Sababu ni vitufe. Katika mchezo wa kuruka, kidole gumba lazima kijue kipo wapi bila jicho kushuka kukiangalia. Kwenye kioo cha simu kidole kinateleza, kinafunika sehemu ya picha, na mchezaji anakufa kwa kosa ambalo si lake. Mchezo wa aina hii unakubalika tu pale mchezaji anapoamini kwamba akianguka ni yeye aliyeanguka. Nimejaribu michezo mingi ya kuruka kwenye simu na sijapata hata mmoja ulionipa imani hiyo.

Halafu, PSP hazijaisha mjini. Panda ngazi za jengo lolote la mafundi Luthuli Avenue, uliza, utaelekezwa kwa mtu aliye nazo kwenye droo. Nyingine ziko majumbani, zimerithiwa na wadogo baada ya kaka zao kuingia kazini. Nilipopeleka yangu, fundi alifungua kifuniko cha nyuma akanionyesha betri iliyofura mpaka kifuniko kikawa hakikai. Akaitoa taratibu kwa ukucha, akaweka nyingine, akasubiri taa ya kijani iwake. “Boss, mashine hii haijafa,” akasema. “Zote zinazoletwa hapa shida yake ni betri. Watu wanazitupa bure.” Kwenye meza yake kulikuwa na nyingine tatu zikingoja, moja yenye stika za mpira kuukuu zilizobanduka nusu.

Mchezo wenyewe ni wa makanga anayekimbia juu ya paa za matatu, vibanda vya mabati na kuta za mitaro, mvua ikija. Mchezaji anaweza kucheza levo zetu, lakini karibu kila kitu tumekitengeneza kwa ajili ya ukurasa wa kujengea. Kwenye kompyuta ulikuwa rahisi: kipanya, skrini pana, memori ya kumwaga. PSP inakupa megabaiti 32 za memori, au 64 kwenye zile za baadaye, na megabaiti 2 peke yake kwa ajili ya picha. Kati ya hizo 2, fremu mbili za skrini zenye rangi kamili zinakula zaidi ya nusu kabla hujachora hata tofali moja. Tulipunguza rangi za fremu, tukapata nafasi.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa kwenye skrini. Ina pikseli, vile vitone vinavyounda picha, 480 kwa 272. Vigae vyetu ni vya pikseli 16. Gawanya: 30 kwa upana, 17 kwa kimo, bila baki. Hakuna kigae kinachokatwa ukingoni. Siku tulipoona levo ya kwanza imejaa skrini kutoka ukingo hadi ukingo bila nusu ya tofali kuning'inia popote, tuliamua pale pale kwamba kimo cha levo zote kitakuwa vigae 17, na kamera haitapanda wala kushuka kamwe. Mjenzi anaona mbingu na ardhi yake yote kwa wakati mmoja.

Uamuzi huo ulitugharimu. Kwenye kompyuta mchezaji alikuwa anaona vigae 40 kwa upana, na levo kadhaa zilikuwa ndefu kwenda juu. Hizo tumeziacha. Tungeweza kuipunguza picha ili vyote vitoshe, lakini makanga angekuwa mdogo kama mchwa, na mtoto anayecheza kwenye matatu inayorukaruka barabarani asingeona kitu. Wapo waliopita njia nyingine. Mwaka 1999 kampuni ya Nintendo walipoleta Super Mario Bros. kwenye konsoli yao ya mkononi, Game Boy Color, mchezo uliochorwa kwa ajili ya skrini ya pikseli 256 kwa 240 uliingizwa kwenye skrini ya 160 kwa 144. Levo zilibaki zilezile na Mario akabaki na ukubwa wake. Kilichopungua ni kile unachokiona. Ukicheza unakutana na adui akiwa tayari ameshafika puani. Nauheshimu mchezo ule, kwa sababu kuutia wote kwenye mashine ndogo vile ilikuwa kazi kubwa, lakini umenifundisha kwamba levo na dirisha la kuitazamia ni kitu kimoja. Ukibadilisha dirisha, jenga levo upya. Ndiyo maana kwenye PSP kamera yetu inamtangulia makanga: akikimbilia kulia, vigae vipatavyo 20 viko mbele yake na vichache tu nyuma.

Mfano uliotusaidia zaidi ulikuwa kwenye PSP yenyewe. LittleBigPlanet, mchezo mwingine wa kujenga levo, ilitoka mwaka 2008 kwenye PlayStation 3, kazi ya Media Molecule wa Uingereza, na ulimwengu wake ulikuwa na tabaka tatu za kina ambazo kikaragosi angeweza kusogea kati yake, wachezaji hadi wanne kwa pamoja. Mwaka uliofuata studio ya Sony ya Cambridge iliileta kwenye PSP. Tabaka zikawa mbili, mchezaji akawa mmoja, na levo za hadithi zikatungwa mpya kwa ajili ya mashine ile. Wakati ule niliona kama tumepunjwa. Leo, nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza, naona walikuwa na ujasiri. Waliuliza mashine ndogo inaweza kubeba nini vizuri, wakabeba hicho, na kile cha kujenga hawakukigusa: kusogeza, kupanua, kuchonga, kuunganisha.

Sasa ile kazi ya tatu.

Super Mario Maker ilitoka Septemba 2015 kwenye Wii U, konsoli ya nyumbani ya Nintendo yenye skrini ya pili ya kushika mkononi, na kwa maoni yangu hakuna mchezo mwingine ulioelewa kujenga kama ule. Unachora levo kwa kalamu kwenye skrini ya mkononi, unagusa, unacheza papo hapo, unagusa tena, umerudi kwenye ujenzi, na kivuli cha mruko wako wa mwisho bado kiko pale kikikuonyesha Mario alipita wapi. Unapotaka kuituma levo yako kwa watu, lazima kwanza uimalize wewe mwenyewe. Kanuni hiyo moja inamlinda kila mchezaji duniani dhidi ya mjenzi mkatili au mvivu.

Desemba 2016 mchezo huo ukaletwa kwenye Nintendo 3DS, konsoli ya mkononi yenye skrini mbili. Fikiria hesabu: Wii U ziliuzwa takriban milioni 13 na nusu maishani mwake, 3DS zaidi ya milioni 75. Mchezo ulikuwa unahamia kwenye nyumba kubwa mara tano. Vifaa vya kujengea vilihamishwa karibu vyote, vikabanwa kwenye skrini ya chini ya pikseli 320 kwa 240, na levo mpya 100 zikaongezwa. Lakini mlango mmoja ulifungwa. Levo uliyoijenga kwenye 3DS hukuweza kuipandisha kwenye intaneti. Ungeweza kuletewa baadhi ya levo za Wii U, ila hukuweza kutaja namba ya levo unayoitaka ukaipata. Yako ilitoka kwa njia mbili tu: kumpa mtu aliye karibu nawe kwa mawimbi ya konsoli yenyewe, au kwa StreetPass, ambapo konsoli mbili zinazopishana njiani hupeana vitu zikiwa zimelala mifukoni.

StreetPass ni wazo la kupendeza, na lilizaliwa mahali pake. Katika treni ya Tokyo saa za kwenda kazini, lazima utapishana na mwenye 3DS. Hapa unaweza kutembea kutoka Railways hadi Ngara, upite Tom Mboya yote mchana kweupe umebanwa na watu, na mfukoni mwako usipate salamu hata moja. Kwa hiyo mjenzi wa Nairobi mwenye 3DS alikuwa na karakana nzuri isiyo na mlango wa kutokea. Wengi duniani walilalamika, na walikuwa na haki.

Ila angalia kilichotokea baadaye. Machi 2021 Nintendo walifunga upandishaji wa levo kwenye Wii U. Tarehe 8 Aprili 2024 huduma za intaneti za Wii U na 3DS zikazimwa karibu zote. Mwezi huohuo ikatangazwa kwamba seva (kompyuta za mtandaoni zinazohifadhi levo) za LittleBigPlanet 3 za PlayStation 4, zilizokuwa zimezimwa tangu Januari, hazitawashwa tena. Mamilioni ya levo, saa za watoto na watu wazima za kupanga tofali juu ya tofali, na mtu wa kawaida mwenye mashine na diski halali hana tena njia ya kuziita. Lakini chukua 3DS mbili leo, ziweke kwenye meza moja, na levo itavuka. Ile njia nyembamba iliyotuudhi mwaka 2016 ndiyo iliyobaki wazi, kwa sababu haikumtegemea mtu yeyote aendelee kulipia seva.

Hapo ndipo msimamo wetu ulipotoka. Mchezo wetu hautakuwa na seva. Levo itapita mkono kwa mkono, na tutafanya kupita huko kuwe rahisi kuliko kitu kingine chochote ndani ya mchezo. Sisemi hivi kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya kale. Mtoto wa mtaani kwetu hana bando la kuchezea, na PSP yenyewe, kama ilivyotoka kiwandani, haielewi WPA2, ile kinga ya Wi-Fi ambayo ruta nyingi za majumbani hutumia sasa. Intaneti kwake ni mlango uliofungwa pande zote mbili. Lakini kila PSP inayotumika mtaani kwetu ina swichi ndogo ya mawimbi, na mbili zikiwashwa karibu zinaongea moja kwa moja, bila ruta, bila bando, hata stima ikiwa imepotea mtaa mzima.

Ili levo ipite haraka lazima iwe ndogo, na hili limekuwa fumbo nililolipenda kuliko yote. Upana wa levo yetu ni vigae 240, kimo 17. Hiyo ni vigae 4,080. Kila kigae ni baiti moja, yaani aina 256 za vitu: mabati, tope, kibanda, paa la matatu, askari wa kanjo, mwavuli, na kadhalika. Kilobaiti 4 ni baiti 4,096. Zinabaki 16. Baiti 8 ni jina la levo, 6 ni jina la mjenzi, 2 ni za kuhakiki kwamba levo haijachezewa njiani. Imejaa kabisa, hakuna hata baiti ya akiba, na tukiihamisha, konsoli mbili hutumia muda mwingi kutafutana kuliko kupeana chenyewe kinachopeanwa.

Kabla hatujajipongeza, kuna jambo la kukumbuka: Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mchezo mzima, levo 32, muziki na picha, ilikaa kwenye kilobaiti 40. Ni levo zetu kumi. Miyamoto na Tezuka, wabunifu wake, walichora levo zao kwenye karatasi za mirabaraba, na kwenye kaseti ya mchezo kilichohifadhiwa hakikuwa kila kigae bali orodha ya vitu na mahali pake. Nasi tulirudi kujifunza kwao kwa ajili ya njia yetu ya pili, ile ya kumfikia mtu aliye mbali. Levo ikibanwa, kwa kuwa sehemu kubwa ni anga tupu, nyingi hushuka chini ya baiti 1,465. Hicho ndicho kiasi kinachobebwa na msimbo wa QR wenye viboksi 125 kila upande, na viboksi hivyo, kila kimoja pikseli mbili, vinaenea kwenye kimo cha skrini ya PSP pamoja na ukingo wake mweupe. Unaipiga picha kwa simu, unaituma WhatsApp, na huko iendako programu ndogo ya simu inaigeuza kuwa faili ya kuwekwa kwenye kadi ya memori. Ni hatua nyingi, nakubali. Imewekwa kwa ajili ya binamu aliye Kisumu, na jirani hataihitaji.

Kujenga bila kipanya wala kalamu kulinitia wasiwasi kuliko hilo la QR. Tuliishia hapa: mishale inasogeza kasha la kuonyesha mahali ulipo, kigae kimoja kimoja, ukishikilia inaongeza mwendo, vitufe vya mabegani, kushoto na kulia, vinazungusha vigae vya kuchagua, X inaweka, duara inafuta, Start inakudondosha mchezoni pale pale kasha lilipo. Ukifa, unarudi kwenye ujenzi na njia ya mruko wako imechorwa kwa nukta. Hilo la mwisho tumelichukua kwa heshima zote kutoka Super Mario Maker. Bila hizo nukta unakisia, na mtoto anayekisia huchoka.

Mpwa wangu wa miaka 11 anaishi mtaa wa Umoja, na ndiye mjaribishaji mkali kuliko wote tulio nao. Alijenga levo akaiita GITHURAI, herufi nane, ikatosha. (Alikuwa ametaka Kariobangi. Haikutosha, akaandika KARIO, akafuta.) Mwisho wa levo aliweka matatu inayoondoka ukishakanyaga paa lake, na baada yake mtaro wa maji. Makanga wetu akikimbia anaruka vigae vitano. Mtaro ulikuwa sita. Alitaka kumpa jirani mara moja, mchezo ukamkatalia: imalize kwanza mwenyewe. Akajaribu, akatumbukia. Akajaribu tena. Alinitazama akiwa amekunja uso. “Mjomba, gemu yako imeharibika.” Sikumjibu, nikamwonyesha nukta. Alizifuata kwa kidole kwenye skrini, moja moja, mpaka pale zilipozama, kigae kimoja kabla ya ukingo. Akanyamaza. Nilidhani atasogeza ukingo, kama ningefanya mimi. Akafanya kitu ambacho hatukuwahi kukifikiria: aliweka mwavuli mmoja hewani juu ya mtaro, ili anayeukanyaga kwa wakati aongezewe mruko, na asiyeujua ajue kwa kuzama.

Akaimaliza. Akaita jirani, mvulana wa ghorofa ya chini. Walikaa kwenye ngazi, wakawasha swichi, GITHURAI ikavuka. Nilisikia kutoka jikoni: “Umekwama wapi? Kwa mabati? Bado hujafika hata kwa matatu!” Jioni yake mvulana alileta levo yake ya kulipiza, jina lake KISASI, nayo ilikuwa ngumu kwa ukatili wa makusudi na ilipita ukaguzi kihalali. Dada yangu aliwaita wale mara tatu.

Kuna vitu havijakaa sawa. Konsoli mbili zikiwa kwenye chaneli tofauti hazionani, na mtoto hajui chaneli ni nini. Tunataka mchezo wenyewe uzikague bila kumsumbua. Sauti ya mvua inakatika levo inapoanza upya. Na bado tunabishana kama levo iliyopokelewa iruhusiwe kufunguliwa kwenye ukurasa wa kujengea. Mwenzangu mmoja anasema hapana, kazi ya mtu iheshimiwe. Mimi nasema ndiyo, kwa sharti kwamba jina la mjenzi wa kwanza halifutiki, hata kama itabidi tuibe baiti 6 nyingine kutoka kwenye safu ya juu ya anga, ambako hakuna mtu anayejenga. Mpwa wangu ameulizwa. Anataka yake ifungwe na ya jirani ifunguliwe.

Toleo la kwanza linakuja likiwa na levo zetu 12 na ukurasa mzima wa kujengea. Ni folda moja ya kuweka ndani ya PSP/GAME kwenye kadi ya memori, na konsoli iwe tayari imefunguliwa kupokea programu za nje. Mafundi wengi wa Luthuli wanaijua kazi hiyo. Kama yako iko kwenye droo, itoe betri kwanza uiangalie kama imefura kabla hujaichomeka kwenye chaji. Na tafuta mtu mmoja mwingine mwenye nayo mtaani kwako.